Nakili hesabu kabla fundi hajafuta

Kompyuta ya dukani Ndandalo, Kyela, ikianza kusuasua, fundi hushauri irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Ushauri si mbaya, lakini kazi hiyo huweza kufuta kila kitu: kilo za kakao zilizopokelewa, madeni ya wanunuzi wa mchele, malipo ya kila mkulima. Hata pale Windows inapobakiza mafaili, programu ya hesabu huondolewa.

Mwenye mali anakili kwanza kwenye diski ya nje, kisha aifungue nakala hiyo katika kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine, kwani mafuriko si mageni Kyela. Fundi asiguse kitu kabla ya hapo. Kompyuta hununuliwa tena. Hesabu za jasho la mkulima zikifutika, hazina duka.