Kufuli la Namba Halina Kosa

Mtanisamehe kwa kuleta habari za kufuli katika jarida la chama chetu, hali wenzangu wameandika juu ya mambo makubwa makubwa. Lakini nina neno na watu wa hapa Nyansiongo wanaosema eti kufuli la namba ni la watu wa mjini, na kwamba kwenye mvua yetu halifai kitu. Mimi nakataa. Makufuli tunayaua wenyewe, kisha tunasingizia mvua.

Kwetu lango la boma la ng'ombe hufungwa kwa mnyororo na kufuli la vigurudumu vinne vya namba. Baba alilinunua baada ya funguo za lile la kwanza kupotea kwenye majani chai. Wizi wa mifugo huku si hadithi, na boma bila kufuli ni kama kumwita mwizi kwa jina. Basi mwaka jana mvua za Machi zilipoanza, vigurudumu vikawa vigumu. Nikajifanya fundi. Nikachota mafuta ya kupikia, yale mazito ya mkebe, nikayashindilia humo ndani. Wiki ya kwanza kufuli lilizunguka vizuri ajabu, nami nikajisifu hata kwa majirani.

Usiku mmoja wa Mei ng'ombe wetu akavimba tumbo. Wafugaji wanajua: asiposaidiwa upesi, hufa. Mama akapanda ua na chupa ya mafuta ya kumnywesha. Ilibidi pia atolewe nje atembezwe, na ng'ombe hapandi ua. Nikashika kufuli, likakataa. Baridi ilikuwa imegandisha mafuta yangu, yakashikana na vumbi na makapi ya nyasi, yakawa kama ugali. Jirani akaja na jiwe, baba akamzuia, akakata pete moja ya mnyororo kwa msumeno wa chuma. Pale nje tulisikia ng'ombe akiguna, na msumeno ulikuwa butu.

Alipona. Maziwa yake ndiyo karo yangu, kwa hivyo mnaweza kukisia nilivyokuwa. Baba alikesha langoni na koti la mvua, maana mnyororo haukuwepo tena. Asubuhi akanitia kufuli mkononi: "Wewe ndiwe uliyeliharibu, wewe ndiwe utakayelitengeneza."

Nikakumbuka Kemia ya kidato cha pili. Ile nyeusi ya ndani ya penseli si risasi, ni grafaiti, yaani kaboni iliyopangika tabaka kwa tabaka, na tabaka hizo huteleza moja juu ya nyingine. Haigandi kwa baridi wala hainati vumbi kama mafuta. Kwanza nililiosha kufuli kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu (mbali na jiko, tafadhali), huku nikizungusha kila kigurudumu mpaka uchafu ukaisha. Ukiona hakizungushiki, usivute tao. Lisukume ndani kidogo, mkazo upungue. Nikaliacha likauke kabisa juani. Kisha nikakwangua penseli laini kwa wembe, unga wake nikauingiza kwenye nyufa za vigurudumu na matundu ya tao kwa kikaratasi kilichokunjwa. Nikazungusha, nikaongeza, nikazungusha tena. Vidole vikawa vyeusi kama vya muuza makaa. Mwisho nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakifunga juu yake kama mwavuli. Tangu hapo nalitia unga kila baada ya miezi miwili hivi, penseli ile ile.

Kuna watakaosema, afadhali ununue jipya. Kwa pesa za nani? Na hilo jipya utalipaka nini? Wengine hupaka oili chafu ya gari, ambayo hukusanya vumbi vilevile. Sikatai kwamba kufuli lililoliwa na kutu hadi ndani halifufuki. Lakini mengi ninayoyaona yametupwa yamepigwa mawe na watu wenye haraka, wala hakuna aliyeyaosha hata mara moja.

Jana jioni mvua ilinyesha mpaka njia ya kwetu ikawa mto. Nilifunua kile kipande cha tyubu, nikazungusha namba nne, kufuli likafunguka kwa kidole kimoja. Namba zenyewe siwaambii.