Uchungu bila dawa, na sindano moja ya kukubali

Mama anayetaka kujifungua hospitalini Sumbawanga bila dawa ya kuondoa uchungu hahitaji kuomba kibali. Karibu kila mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida mkoani Rukwa hujifungua hivyo hivyo. Ile sindano ya mgongoni inayosimuliwa na dada aliyejifungulia Dar es Salaam hutolewa katika baadhi ya hospitali kubwa za mijini, na inahitaji mtaalamu wa usingizi na mama kuangaliwa kwa karibu. Inayofahamika zaidi huku ni ganzi ya mgongoni ya upasuaji, na hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo swali la kujiandaa nalo ni hili: "bila dawa" maana yake nini hasa? Ufipa, kama sehemu nyingine nyingi za nchi, neno dawa lina milango miwili. Kuna ya hospitali, na kuna ile ya kikombe anayopewa mama alfajiri kabla ya kutoka nyumbani. Wapo wanaosema watajifungua bila dawa hali wameshakunywa kikombe, kisha wakifika leba wanaikataa sindano ambayo ingewaokoa. Hapo ndipo penye hatari.

Tuanze na uchungu wenyewe. Hauji kama moto usiozimika. Unapanda, unafika kileleni, unashuka, halafu mama anapumzika. Mwanzoni mapumziko ni marefu, na kwa mimba ya kwanza hatua hii inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima, bila kuwa na tatizo lolote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linahesabu uchungu kuwa umekolea njia inapofunguka sentimita 5. Kuanzia hapo mzazi wa mara ya kwanza huweza kwenda hadi saa 12, na aliyewahi kuzaa kwa kawaida hadi saa 10. Mwongozo huo unasema pia kwamba si kila mwanamke hufunguka sentimita moja kwa saa. Kwa hiyo mama anayeambiwa "bado" asidhani ameshindwa.

Kuna dakika ngumu kuliko zote, karibu na njia kukamilika. Mama hutetemeka, wengine hutapika, na aliyekuwa mpole husema "siwezi tena, nipelekeni nyumbani." Anayemsindikiza akisikia maneno hayo asitaharuki. Mara nyingi ni dalili kwamba mtoto yuko karibu, ila mkunga aitwe apime.

Kinachopunguza uchungu pasipo sindano ni vitu vya kawaida: kutembea kwenye korido, kuinamia ukuta au ukingo wa kitanda, kupiga magoti, mtu wa kumkandamiza kiunoni kwa kiganja uchungu unapopanda, kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kupumua taratibu, kunywa chai au uji kidogo kidogo, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Kulala chali tangu mwanzo hakusaidii. Mama anaweza kumuuliza mkunga mapema kama ataruhusiwa kusukuma akiwa amekaa, amechuchumaa au amelala ubavu.

Mtu wa kukandamiza kiuno ndiye mgumu kupatikana. Leba nyingi vitanda vimekaribiana, pazia moja au hakuna, na wahudumu huogopa kuingiza watu. Mkoani Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai liliendesha mradi wa wasindikizaji wa wazazi katika vituo vya serikali, na kina mama walioupata msaada huo waliufurahia. Familia iulize kliniki wiki kadhaa kabla: msindikizaji anaruhusiwa? Mume akikataliwa kwa sababu ya faragha ya wengine, huenda dada au shangazi akakubaliwa. Naye baba asiondoke. Atahitajika kwa usafiri, kwa maamuzi ya haraka, na pengine kutoa damu.

Sasa kikombe. Mama mkwe anakileta kwa mapenzi: "Kunywa, mwanangu, usije ukachelewa huko." Shida ni kwamba baadhi ya mitishamba hiyo hubana kweli misuli ya mji wa mimba, na hakuna ajuaye ni kwa nguvu gani. Misuli ikibana mfululizo bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mji wa mimba unaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji au aliyezaa mara nyingi. Hospitalini nako, uchungu ukilegea, daktari anaweza kuagiza dripu ya kuuongeza. Dripu juu ya kikombe ni nguvu mbili zinazosukumana ndani ya mwili mmoja.

Aliyekwisha kunywa amwambie mkunga. Na mkunga anayemfokea mama aliyesema kweli anamfundisha wa kitanda cha pili kunyamaza.

Sindano yenyewe ni ya oksitosini, yuniti 10, hudungwa pajani mara mtoto anapotoka na kabla ya kondo la nyuma kutoka. Haihusiani na maumivu. Kazi yake ni kuubana mji wa mimba ili mishipa iliyokuwa imeshika kondo ifunge. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, na kutoka Mtowisa bondeni hadi mjini, kwa barabara ya kupanda mlima wakati wa mvua, saa chache si kitu. Mama mwenye msimamo wa kujifungua bila dawa aitenge sindano hii katika msimamo wake, na amwambie msindikizaji hivyo mapema.

Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nne za utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023. Wakunga walipima damu kwa plastiki maalumu yenye alama iliyowekwa chini ya mama, na ikizidi, wakatoa huduma zote kwa pamoja: kusugua tumbo, dawa na dripu. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60. Kwa msindikizaji, funzo ni kuangalia vitenge. Kikilowa cha kwanza, na cha pili kikalowa upesi, aite mkunga bila kusubiri wala kuona haya.

Kitu kimoja husahaulika. Mama akichanika au akiongezewa njia, ganzi ya kushonea ni haki yake. Kuvumilia uchungu wa mtoto hakumaanishi kuvumilia sindano na uzi. Aulize: "Nesi, umenichoma ganzi?"

Mwenye mimba ya kwanza, mapacha, shinikizo la damu au kovu la upasuaji asisubiri uchungu umkute kijijini. Ahamie kwa ndugu mjini au karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla. Dharura ikitokea, simu ya bure ya m-mama ni 115, na inaunganisha usafiri hadi kituo kinachofaa.

Na kwa wanaotarajia Juni au Julai, wabebe blanketi zaidi ya moja na kofia ya mtoto. Baridi ya Ufipa huingia hadi wodini. Mtoto akifutwa hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Chupa ya uji wa ulezi nayo iwe tayari. Mama ataiulizia mwenyewe.