Ada ya Leseni ya Mvuvi

Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi ndogo ambayo mvuvi wa Ziwa Victoria hana budi kuwa nayo kabla hajashusha nyavu zake majini, yaani leseni ya uvuvi. Jina lake tu huchukiza masikio ya wengi, hasa inaposemwa kwamba ada yake sharti ipandishwe ilingane na bei za vitu.

Mimi ni karani, na sisi makarani twaona jambo ambalo mvuvi aghalabu halioni. Ada iliyoandikwa katika sheria hukaa pale pale, lakini shilingi haikai. Mwaka 1966, Kenya ilipoanza kutumia shilingi yake yenyewe, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 129. Katika mwaka 1993 peke yake bei zilipanda kwa zaidi ya 40 katika kila 100. Basi tuseme ada ya shilingi 100 iliwekwa mwaka 1992 ikaachwa vivyo hivyo. Wakati ule ilinunua kilo kadhaa za sukari. Leo hainunui hata kilo moja. Hakuna ofisa aliyeipunguza, nayo imepungua. Na petroli ya mashua ya doria haiuzwi kwa bei ya mwaka 1992.

Hesabu hiyo ni ya kweli, wala siipingi. Lakini mzee mmoja wa Usenge aliniambia kwamba ikiwa ada yafuata bei za dukani, basi na ifuate pia idadi ya samaki. Nilirudi nyumbani nikilifikiri neno hilo.

Nyavu za kigeni za kunasia zililetwa katika ghuba yetu mwaka 1905, na watu walivuna ngege kwa makumi katika wavu mmoja. Bwana Michael Graham alipokuja kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928 alikuta samaki wamepungua sana, akashauri matundu ya wavu yasiwe chini ya inchi 5. Katika miaka ya 1950 aliletwa mbuta, akala wengine, akaleta fedha. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, na baadhi yake vimekwisha kufunga milango. Kisha likaja gugu-maji. Mvuvi aliyevua kidogo hawezi kumwambia karani dirishani kwamba ziwa limeshuka thamani kama shilingi.

Tena tusimchanganye na mwindaji. Mwaka 1909, mwaka ule aliokuja Theodore Roosevelt, mgeni aliyetaka kuwinda katika nchi hii alilipa pauni 50, na mlowezi pauni 10. Hao walitafuta pembe za kutundika ukutani, na kama ada ingeongezwa mara mbili wangeguna tu wakalipa. Uwindaji wao ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mvuvi wa Dunga hutafuta karo na unga.

Kwa hiyo nauliza, fedha hizo zaenda wapi? Huko Marekani iko sheria ya mwaka 1937 isemayo kwamba jimbo likitaka msaada wa serikali kuu kwa ajili ya wanyama wa mwitu, lisitumie ada za wawindaji kwa kazi nyingine yoyote ila idara ya wanyama na samaki. Mwindaji wa kule akipandishiwa ada hunung'unika, lakini ajua inakokwenda. Sisi tunavyo vikundi vya kusimamia fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Ningependa sehemu ya kila ongezeko irudi huko, ikanunue petroli ya doria na kulinda mahali samaki wanapozalia. Isiporudi, sioni kwa nini mvuvi aongezewe.

Liko na jambo la kaunti. Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori zote zagusa ziwa, na kila moja yaweza kutunga ada zake. Samaki hajui mpaka wa kaunti. Kenya ina sehemu 6 tu katika kila 100 za ziwa hili, na ilikuwa hapa hapa Kisumu, mwaka 1994, Kenya, Uganda na Tanzania zilipotia sahihi mkataba wa kulisimamia pamoja. Nchi tatu zikiweza kukaa meza moja, kaunti tano zashindwaje kupatana juu ya kiwango kimoja?

Maoni yangu ni kwamba ada ipande kidogo kidogo, kila mwaka wa pili, wala isiachwe miaka 20 kisha ikaruka kama kamongo. Na mtumbwi wa kasia usitozwe sawa na mashua ya injini. Mswada wa fedha wa kaunti sharti usikilizwe na wananchi kabla ya kupitishwa. Siku hiyo ikitangazwa, mwenye risiti za miaka iliyopita na aje nazo, kwa maana zina tarehe na kiasi, na karani hawezi kubishana na risiti.