Chagua Chombo Kwanza, Nguo Baadaye

Mtu akiazimia kusafiri kwa maji, mambo mawili humshughulisha: apande chombo gani, na avae nini. Kwa matajiri wa Ulaya na Marekani maswali haya yamekuwa elimu nzima. Wako wanaopenda meli ndogo za anasa, kama zile za SeaDream zinazochukua wageni 112 tu, ambamo mtu halazimiki kufunga tai hata saa ya chakula cha jioni. Wako wanaopenda meli za Cunard, ambazo hadi leo zina usiku wa karamu, wanaume wakaingia kwa suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanawake kwa magauni marefu. Kila mtu na pesa zake, wala hatumwonei wivu. Lakini maswali hayo hayo mawili yako nasi kwenye gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, na hapa petu anayekosea jibu haharibu karamu, anahatarisha roho yake na za watoto wake.

Neno langu leo ni moja. Chombo kichaguliwe kwa kuyatazama maji kitakayopita na watu kilioruhusiwa kubeba, na vazi la kwanza la msafiri liwe jaketi okozi. Uzuri wa boti, unafuu wa nauli, kanzu mpya na gauni la harusi, vyote vifuate nyuma.

Asiyeijua delta ya Rufiji anaweza kudhani nakuza mambo. Mto huu ukikaribia bahari hugawanyika matawi mengi, yakapita katikati ya msitu wa mikoko ambao ndio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Humo mna vijiji vya Mbwera, Salale, Msala, Kiongoroni na vingine vingi, na watu wake ni wakulima wa mpunga na minazi, na wavuvi wa kamba na kaa. Katika vijiji vingi vya visiwani humo gari halifiki. Chombo ndicho basi, ndicho lori, na mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, ndicho gari la wagonjwa. Safari haiendi kwa saa ya ukutani. Inaendeshwa na maji kujaa na maji kupwa. Mkondo uliopitisha mashua asubuhi, jioni ni tope tupu lenye kaa. Siku za bamvua maji hukimbia kwa nguvu, siku za maji mafu hutulia. Kisha ukitoka kwenye midomo ya mto kuelekea Kilindoni, kisiwani Mafia, unakutana na bahari pana, na kusi inapovuma katikati ya mwaka mawimbi yake hayamjui mwenyeji wala mgeni.

Kwa hiyo hakuna chombo kilicho bora kwa kila maji. Mtumbwi na ngalawa vina heshima yao ndani ya mikondo, penye kina kidogo na kona nyingi. Boti ya faiba yenye injini ina wepesi wake. Kivuko cha MV Kilindoni kinachosimamiwa na TEMESA, wakala wa serikali, kina nafasi na uzito wa kuhimili bahari pana. Lakini mtu anayepanda boti iliyozoea mikondo akavuke nayo hadi Mafia wakati wa kusi, eti kwa sababu inatoka mapema, huyo amechagua saa, hakuchagua chombo.

Historia ya delta yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza Pegasus pale Unguja, kisha ikaingia kujificha katika matawi ya Rufiji. Waingereza walikuwa na manowari kubwa na mizinga mizito, lakini kwa miezi mingi zilibaki nje zikilinda midomo ya mto, kwa kuwa kina hakikuziruhusu kuingia. Iliwabidi wavute kutoka mbali manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo mwanzoni ziliundwa kwa ajili ya nchi ya Brazili. Hizo ndogo ndizo zilizoingia mtoni mwezi Julai 1915, zikielekezwa na ndege kutoka Mafia, na tarehe 11 ya mwezi huo Königsberg ikafikia mwisho wake humo humo Rufiji. Wakubwa wale, na elimu yao yote, walilazimishwa na maji yetu kukubali kwamba chombo hupimwa kwa mahali kinapokwenda.

La pili ni idadi ya watu. Chombo kizuri kikijazwa kupita kiasi kinakuwa kibaya siku hiyo hiyo. Taifa hili limelipia somo hili mara nyingi mno. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, nayo ilikuwa imejazwa kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Tena kilipinduka hatua chache kabla ya kufika gatini, siku ya gulio, watu wakirudi nyumbani na mizigo yao. Basi asikudanganye mtu kwamba safari fupi haina hatari, au kwamba kuiona pwani ni usalama.

Msafiri atauliza: mimi sina cheo, nitajuaje chombo kimejaa? Utajua. Hesabu vichwa na uulize idadi iliyoruhusiwa. Tazama maji yamefika wapi ubavuni. Tazama magunia ya mchele na nazi yamepangwa chini katikati, au yamelundikwa juu upande mmoja. Tazama ndani kama ngama imejaa na baharia anafua maji hata kabla tanga halijapandishwa. Ukiona hivyo, shuka. Nauli uliyopoteza utaipata tena.

Sasa nije kwenye mavazi, maana hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Siku za Idi na za harusi watu hupanda boti wamevaa kana kwamba ukumbi uko humo humo chomboni: suti nzito, viatu vya kamba, magauni yenye mikunjo mingi. Jaketi okozi likitolewa, mmoja analikalia kama mto, mwingine anamwekea kuku wake, wa tatu anasema linanuka au litamkunja nguo. Kijana analivaa bila kulifunga ili kifua kionekane. Jaketi lisilofungwa, mtu akianguka majini, hupanda juu likamvuka kichwa, yeye akabaki chini. Na jaketi la mtu mzima akivalishwa mtoto wa miaka minne, huchomoka kama pete kwenye kidole chembamba.

Dada na mama zangu wanaojisitiri, hakuna anayewaambia mvue stara. Jaketi huvaliwa juu ya buibui, juu ya kanga, likafungwa mikanda yote. Likiwa chini ya nguo halifunguki upesi wala halimwonyeshi mwokoaji rangi yake. Viatu vizito vivuliwe vikae kwenye mfuko. Gauni la harusi nalo lisafiri ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Litavaliwa Kilindoni, na bibi harusi atapendeza zaidi akifika mkavu.

Na kama kuna anayeona haya kuvaa jaketi kwa kudhani ni vazi la mshamba, nimrudishe kwa wale matajiri wa tai ya kipepeo. Mwezi Januari 2012 meli ya kifahari Costa Concordia iligonga mwamba huko Italia, wakafa watu 32. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 wasafiri wa meli kama hizo lazima wakusanywe na kufundishwa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka: mahali pa kukutania wakati wa hatari, jaketi lilipo na namna ya kulivaa. Yaani tajiri hufundishwa jaketi kabla ya kukaa kwenye karamu. Wewe wa Nyamisati una cheo gani cha kukuruhusu ulikatae?

Wapo watakaonijibu kwa methali, kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ilisemwa kumfariji aliyekwisha kufikwa. Haikusemwa kumpa ruhusa mzembe. Upepo hatuwezi kuuzuia, lakini tunaweza kuacha kutoka siku upepo ulipotangazwa. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Mafia Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari. Anayemtegemea Mungu na afunge mkanda wa jaketi lake, kisha aombe dua.

Wengine watasema nahodha wetu ni mzoefu. Vema. Basi msikilizeni anaposema leo hatutoki. Aibu yetu ni kwamba nahodha wa namna hiyo hutukanwa gatini, akaitwa mwoga, wakamzunguka wafanyabiashara wa kamba ambao barafu yao inayeyuka, hadi akakubali shingo upande. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Heri kamba waharibike kuliko familia kumi zikae matanga.

Nawe mgeni unayekuja kutazama mikoko na viboko wa Rufiji, au papa potwe wa Mafia, nawe una sheria yako ya mavazi. Nguo za kuogelea mahali pake ni pwani ya hoteli. Ukishuka kijijini, funika mabega na magoti, maana unaingia kwa watu wenye misikiti yao na watoto wao. Ukishuka topeni, vaa viatu vya raba vilivyobana mguu, kwa sababu chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

Wenye vyombo, nunueni majaketi ya kutosha, ya watoto pia, na yaanikwe baada ya safari yasinuke. Ninyi wa TASAC, mnaosimamia usalama wa vyombo vya majini, endeleeni na ukaguzi, na msiuache ukaishia kwenye vyombo vikubwa vya gatini. Mashua za vijijini nazo zina watu. Halmashauri ya Kibiti, wafundisheni watoto wa shule za visiwani kuelea na kufunga mikanda, kwani wao husafiri kwa maji tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao.

Nawe msomaji, safari ijayo usikanyage ubao wa boti kabla hujapewa jaketi lako na la mwanao, mkayavaa na kuyafunga. Usipopewa, baki gatini, na uwaambie wenzako kwa sauti sababu ya kubaki.