Busia na Malaba: Milango miwili, barabara moja

BUSIA – Anayetazama ramani ya mpaka wa Kenya na Uganda huona milango mikubwa miwili, Malaba na Busia, akadhani mizigo ina njia mbili za kufika Kampala. Kwa dereva wa lori anayefuata njia fupi, hesabu ni tofauti. Barabara hizo hukutana karibu na Busitema, na kutoka hapo kwenda Bugiri na Iganga huwa moja.

Chanzo ni maumbile ya nchi. Kaskazini kuna Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, na kusini kuna Ziwa Victoria. Katikati ndipo penye uwazi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilitokea kwa Nabongo Mumia ikapita humo kuelekea Busoga. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 nayo ilipita Tororo. Hata reli ya kisasa, ambayo Uganda ilitia saini mkataba wake Oktoba 2024, imepangwa kuanzia Malaba.

Udhaifu wa kutegemea uwazi huu ulionekana Januari 2022. Uganda ilipowataka madereva wapimwe Covid-19 mpakani kwa kulipia, madereva waligoma. Malori yalipanga foleni ndefu upande wa Kenya, na bei ya petroli nchini Uganda ikapanda kwa kasi. Masharti yalilegezwa, lakini mwananchi alikuwa ameshalipa.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimesaidia. Lori husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hulikagua hapo. Hata hivyo, kuharakisha karatasi si kupanua barabara. Lori lililotoka mpakani mapema laweza kukwama mbele kwa ajali moja.

Je, njia ya mlimani yaweza kuwa mbadala? Barabara ya Kapchorwa hadi Suam, yenye urefu wa kilomita 73, imewekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa mahindi ya Kitale yanayokwenda Mbale, faida ni dhahiri. Kwa kontena la Mombasa lenye tani nyingi, miinuko na kona za Elgon ni mafuta na breki, yaani gharama.

Njia mojawapo ya akiba ni ile ya Tororo, Mbale na Tirinyi, inayorudi barabara kuu karibu na Iganga. Ni ndefu zaidi, lakini huikwepa Busitema.

Kwa hiyo wenye mizigo wasihesabu Busia kuwa bima ya Malaba. Nazo serikali zikibadili masharti ya mpakani, zitangaze mapema, kwani amri ya siku moja hapa hulipiwa na mnunuzi wa Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo.