Kizuri Chajiuza? Mtunzi wa Kisasa na Wajibu wa Kupiga Debe

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekuwa kitulizo kwa watunzi wengi. Mshairi ambaye diwani yake haisomwi hujifariji kwamba siku moja hadhira itazinduka; mwandishi ambaye tamthilia yake haijawahi kupanda jukwaani huiweka mvunguni akimngoja mfadhili atakayebisha hodi. Wote wawili huamini kwamba kuitafutia kazi yao hadhira ni kujishushia hadhi, na kwamba wajibu wa mtunzi hukoma pale anapoiweka kalamu chini. Makala haya yanadhamiria kuipinga imani hiyo. Sanaa mpya haijiuzi. Mtunzi wa kisasa asiyeshiriki kujenga jukwaa, lake na la wenzake, ametimiza nusu tu ya kazi yake. Ushahidi nitautoa kwanza kwa watunzi wa muziki wa jiji la New York, kisha nirejee nyumbani.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na muziki wa Marekani. Jibu limo katika lugha yenyewe. Kiswahili hakimtenganishi mshairi na mwenzake wa muziki: wote ni watunzi, na kitenzi chao ni kile kile cha anayetunga ushanga. Fauka ya hayo, wote hukumbwa na tatizo moja. Nota zisipopigwa, shairi lisipoghaniwa na tamthilia isipoigizwa, kilichopo karatasini ni maagizo tu ya kitu ambacho bado hakijatokea.

Katika kumbi kubwa za okestra za Ulaya na Marekani, aghalabu zinazopigwa ni kazi za watunzi waliokwisha fariki: Bach, Mozart, Beethoven, Brahms. Kazi hizo ni adhimu, wala sina nia ya kuzibeza. Lakini mtunzi aliye hai huingia kumbini humo kama mgeni, akapewa dakika chache kabla ya wenye nyumba kurejea. Mjini New York, katika miaka ya 1980, hali hii ilizidishwa na mgawanyiko baina ya watunzi wenyewe. Upande mmoja walikuwapo watunzi wa vyuo vikuu, wenye muziki changamano uliojengwa kwa hesabu nzito, mfano wao akiwa Milton Babbitt. Upande wa pili walikuwapo watunzi wa maghala na majumba ya sanaa ya kusini mwa kisiwa cha Manhattan, wenye muziki wa vifungu vifupi vinavyorudiwarudiwa na kubadilika polepole, mfano wao akiwa Steve Reich. Kila upande ulikuwa na hadhira yake, wahakiki wake na dharau yake kwa upande wa pili.

Hapo ndipo walipojitokeza vijana watatu waliosomea utunzi katika Chuo Kikuu cha Yale: Julia Wolfe, Michael Gordon na David Lang. Hawakungoja kualikwa. Mnamo Mei 1987 waliandaa tamasha la muziki mpya katika jumba la sanaa la Exit Art, likaendelea kwa muda wa saa 12 mfululizo. Babbitt na Reich, ambao wafuasi wao hawakuwa na mazoea ya kuketi pamoja, waliwekwa katika ratiba moja. Watunzi walisimama wakaieleza hadhira kazi zao kwa maneno machache badala ya kuiachia ipambane na kijitabu cha maelezo ya kitaalamu. Aliyekuja kumsikiliza mmoja akajikuta amemsikiliza na mwingine.

Kundi lao waliliita Bang on a Can. Jina hilo lilitokana na kauli ya mzaha ya Wolfe, aliyewafananisha na watunzi waliokaa pamoja wakigonga mikebe. Tukilifasiri jina hili neno kwa neno, tutajikuta tumesema jambo ambalo wenyewe hawakulikusudia: kupiga debe. Kila anayepanda matatu katika miji yetu anamjua mpigadebe, yule anayesimama kituoni akiyatangazia magari abiria na abiria magari. Huenda watu wakamdharau, lakini bila yeye gari huondoka tupu na abiria hubaki kituoni. Sioni mfano unaomfaa zaidi mtunzi anayeandaa matamasha.

Ni dhahiri kwamba tamasha moja halitoshi. Linaloistahiki heshima yetu kwa watatu hawa ni kwamba waliendelea kuziba pengo baada ya pengo. Muziki mpya ulikosa wapigaji waliouzoea. Mwaka wa 1992 wakaunda kikundi cha wanamuziki 6, chenye klarineti, chelo, besi, gitaa la umeme, piano na ala za kugonga. Watunzi chipukizi walikosa malipo. Mwaka wa 1997 wakaanzisha mfuko unaokusanya michango ya wapenzi wa muziki, mikubwa kwa midogo, ili kuwaagiza watunzi kazi mpya kwa malipo. Sisi Wakenya tungeuita harambee pasipo kufikiri mara mbili. Kazi zilikosa rekodi. Mwaka wa 2001 wakafungua kampuni yao ya kurekodi, Cantaloupe Music. Walihitaji warithi, mwaka wa 2002 wakaanza mafunzo ya kila kiangazi katika jumba la sanaa la MASS MoCA, lililo katika majengo ya kiwanda cha zamani huko North Adams, Massachusetts. Na janga la korona lilipozifunga kumbi, mnamo Mei 2020 walilihamishia tamasha lao kwenye intaneti, wanamuziki wakipiga kila mmoja kutoka kwake.

Hapa mpinzani atanikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Je, muda wa kukodi ukumbi, kuomba fedha na kupanga viti si muda ulioibwa kutoka kwa utunzi? Hoja hii ina uzito, na sitadai kwamba saa za siku huongezeka kwa anayejitolea. Hata hivyo, hebu tumtazame Wolfe mwenyewe. Mwaka wa 2015 alipata Tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa Anthracite Fields, kazi ya kwaya na ala kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa jimbo la Pennsylvania, alikozaliwa. Katika sehemu yake ya kwanza kwaya huimba majina ya watu walioorodheshwa kama wahanga wa ajali za migodini, na Wolfe alichagua wale walioitwa John, jina juu ya jina, hadi wingi wao ukawa ndio maombolezo. Kazi hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Philadelphia mwaka wa 2014, ala zilipigwa na kikundi kile kile kilichoundwa mwaka wa 1992. Debe alilolipiga akiwa kijana ndilo lililompa wapigaji alipokomaa. David Lang naye alikuwa ameipata tuzo hiyo hiyo mwaka wa 2008. Basi, kwa watu hawa, uandaaji haukuipunguza sanaa bali uliilisha.

Tena athari yake haikuishia kundini. Mnamo Januari 2019 okestra kongwe ya New York Philharmonic ilionyesha kwa mara ya kwanza Fire in my mouth, kazi ya Wolfe kuhusu moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle uliowaua watu 146 mjini humo mwaka wa 1911, wengi wao wanawake wahamiaji. Kwaya ilikuwa ya wanawake na wasichana 146, sauti moja kwa kila aliyekufa. Ukumbi wa aina ile ile ambao zamani ulimpokea mtunzi hai kama mgeni ulimfungulia mlango mpana.

Upo upinzani mwingine, nao ni mzito zaidi: mwamba ngoma huvutia kwake. Mtunzi akiwa ndiye mwandaaji, ni nani atakayemzuia kujipangia kazi zake mwenyewe na kuwafungia nje mahasimu? Hatari hii ni ya kweli, na katika vyama vya wanafunzi tunaijua vizuri. Dawa yake ni ile iliyotumika mwaka 1987: kumwalika kwa makusudi yule ambaye mtindo wake si wako. Jukwaa linalomhudumia mwenyewe tu ni debe tupu, na debe tupu, kama tujuavyo, haliachi kuvuma. Jukwaa linalowapa wengine nafasi lina shehena ndani yake.

Wapo pia watakaosema kwamba Marekani ni nchi tajiri, yenye wakfu na wafadhili wa sanaa, ilhali sisi ni hohehahe. Ni kweli kwamba mfuko wao una kina kuliko wetu. Lakini historia yetu haikubali kisingizio hicho. Unguja, wapenzi wa taarabu waliasisi Ikhwani Safaa mwaka wa 1905, chama kilichowaunganisha wapigaji, waimbaji na wasikilizaji. Nako Kamirithu, karibu na Limuru, mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuwatosha watu wapatao 2,000, ili kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani na wanakijiji wakaisahihisha lugha ya waandishi. Serikali iliyapiga marufuku maonyesho hayo Novemba mwaka huo, ikamweka Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini mwezi uliofuata, na mwaka wa 1982 ukumbi ukabomolewa. Kitabu chenyewe kilikuwa kimechapishwa mwaka wa 1980. Utawala ulijua tusilotaka kulijua sisi: kwamba nguvu ya utungo iko pale watu wanapokutana kuusikiliza.

Sasa tujiangalie wanafunzi wa Kiswahili. Kwetu, tumaini kuu la tamthilia au riwaya mpya ni kuteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za upili. Kitabu kikiteuliwa, husomwa na maelfu kwa miaka michache, wengi wao wakitafuta maudhui na mbinu za lugha za kujibia maswali. Muhula wake ukipita, hurudi rafuni. Kisichoteuliwa hakipati hata uhai huo mfupi. Tumeuachia mtihani kazi ya kutuundia hadhira, kisha tunashangaa hadhira hiyo inapoiaga fasihi siku ya kumaliza mtihani.

Tuna pia mgawanyiko wetu. Tangu miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka wa 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko wamezozana kuhusu arudhi. Mzozo huo umezaa makala, tasnifu na maswali ya mtihani yasiyohesabika. Lakini ni mara ngapi tumewaweka malenga wa vina na mizani na mshairi wa mtindo huru jukwaani jioni moja, mbele ya watu wasiosomea Kiswahili, tukawaachia wasikilizaji masikio yao? Tumewafundisha wanafunzi kutetea kambi kabla ya kuwafundisha kusikiliza.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne ambayo chama cha wanafunzi chaweza kuyatekeleza pasipo kusubiri bajeti ya idara. Mosi, kila muhula tuandae siku moja ya tungo mpya tupu, zisizo katika silabasi. Pili, ratiba ichanganye makusudi mashairi ya arudhi na ya mtindo huru, nyimbo na michezo mifupi, na kila mtunzi aeleze kazi yake kwa maneno yasiyozidi dakika mbili. Tatu, tuwe na mfuko wa michango midogo wa kumlipa mtunzi mmoja, hata kama malipo ni madogo, ili ajue kwamba kazi yake ilingojewa. Nne, utungo wowote uliofaulu uonyeshwe tena katika chuo jirani, maana onyesho la kwanza huwa na marafiki, ilhali la pili ndilo hupima. Wahadhiri wetu nao wanaweza kutusaidia kwa kuuhesabu uandaaji huu kuwa sehemu ya taaluma, si mchezo wa baada ya masomo.

Sisemi kwamba kila tungo itakayotangazwa itadumu. Nyingi zitasahauliwa, na ndivyo ilivyo hata huko New York. Lakini ili iweze kusahauliwa kwa haki, tungo haina budi kusikika kwanza. Kizuri kilicho mvunguni hakijiuzi, kwa kuwa hakuna ajuaye kuwa kipo. Tuliobahatika kuisoma lugha hii na fasihi yake ndio tunaopaswa kusimama kituoni na kuita abiria.