Kabla ya kupakua preseti nyingine, jifunze kuipika sauti mwenyewe

Panda matatu ya Kitengela jioni na kuna sauti utakutana nayo kabla hata makanga hajadai nauli: besi inayogonga kama gogo, inayoteleza juu na chini hadi kiti kinatetemeka. Hiyo ni log drum ya amapiano kutoka Afrika Kusini. Iko kwa matatu, iko kwa klabu, iko kwa harusi. Na sasa iko kwa biti za maprodusa chipukizi wetu, kuanzia Noonkopir hadi Kajiado mjini.

Kuipenda sauti hiyo si kosa. Shida ni vile wengi wanaipata. Pakiti za sauti zilizopikwa tayari, yaani preseti na sampuli, zinazungushwa kwa WhatsApp na Telegram. Kijana anapakua, anabandika, anaweka ngoma juu, basi. Halafu anashangaa mbona biti yake inafanana na ya jirani. Itakosaje kufanana na mmechota kutoka sufuria moja?

Msimamo wetu ni huu: ukitaka kuwa produsa, chukua sauti unayoipenda kisha uijenge upya kutoka sufuri, kwa masikio na mikono yako. Usifanye hivyo kuonyesha watu ubingwa. Fanya kwa sababu hiyo ndiyo shule yenyewe, na karo yake ni muda tu.

Angalia hiyo log drum ilikotoka. Chanzo chake ni sintesaiza ndogo iitwayo Fruity DX10, iliyomo ndani ya programu ya FL Studio, na produsa MDU aka TRP ndiye wengi humtaja kwa kuileta kwenye amapiano. DX10 hufanya kazi kwa mbinu ya FM, ambapo wimbi moja la sauti hutikisa jingine. Mbinu hiyo iligunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka wa 1967. Kampuni ya Yamaha iliinunulia leseni na mwaka wa 1983 ikatoa kinanda cha DX7.

DX7 kiliuzwa sana, lakini kukipanga kulikuwa kazi ngumu. Wanamuziki wengi wakabaki na sauti za kiwandani, ndiyo maana ukisikiliza nyimbo za mapenzi za miaka ya themanini unasikia piano ileile kila mahali. Ugonjwa wa kubandika preseti haukuanza Kitengela. Umezeeka kuliko wewe.

Sasa tuingie jikoni. Fungua sintesaiza ya FM. Dexed ni ya bure na imejengwa kwa kuiga DX7. Vital na Surge XT pia zinapatikana bila malipo. Anza na wimbi laini la sine kwenye noti ya chini. Weka pichi ianze juu kidogo kisha ianguke haraka. Hapo utasikia ule mgongo wa ngoma. Ongeza wimbi la pili litikise la kwanza kwa muda mfupi sana, mwanzoni pekee. Huo ndio mlio wa mti kugongwa. Kisha ongeza distoshoni kidogo ili besi isikike hata kwa spika ya simu. Linganisha na wimbo halisi. Haijafanana? Jiulize ni nini kimezidi: urefu, ukali au pichi? Rekebisha, sikiliza tena.

Ukifanya hivyo wiki moja, masikio yako yatabadilika. Hutasikia tena "sauti noma" tu. Utasikia sehemu zake. Na hapo mlango mwingine unafunguka. Kwenye FM, mawimbi mawili yakipangwa kwa uwiano wa namba nzima, sauti inatulia kama ya ala ya muziki. Yapange kwa uwiano usio wa namba nzima, mfano 1 kwa 1.4, na uiache sauti ififie polepole: utapata kengele. Kijana wa Kajiado ambaye kila siku hupita karibu na ng'ombe wenye kengele shingoni anaijua sauti hiyo vizuri kuliko yeyote aliye Johannesburg au Berlin. Lakini nani ameiweka kwenye biti? Hakuna pakiti ya kupakua itakayokupa mlio wa kengele za nyumbani kwenu. Huo utaupika mwenyewe.

Wengine wataguna kwamba hawana vifaa. Waangalie vijana wa Dar es Salaam waliojenga mchiriku kwa vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo wengi wangeviona vya kuchezea watoto, wakavipitisha kwenye spika hadi vikanguruma. Kutoka mitaa hiyohiyo ikazaliwa singeli, ambayo leo inachezwa kwenye matamasha ya Ulaya. Walijua kila kona ya kifaa kidogo walichokuwa nacho.

Kuna pia suala la mfuko. Ukikata kipande cha rekodi ya mtu bila idhini, mwenye rekodi anaweza kukudai siku wimbo wako ukishika. Sauti uliyoijenga mwenyewe, ukaichezea melodi yako mwenyewe, haikuachii deni hilo. Na zile programu za kudukuliwa mnazotumiana huja na virusi vinavyoweza kuua laptopu yenye kazi ya mwaka mzima. Kwa nini ujihatarishe na za bure zipo?

Hata hivyo, mzigo usiachiwe kijana pekee. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Kajiado inaweza kutenga chumba kimoja katika chuo kimoja: kompyuta chache, hedifoni, programu za bure na mtu mmoja wa kufundisha. Tunafundisha vijana kuchomelea vyuma na kushona nguo, na ni sawa kabisa. Kutengeneza sauti nako ni ufundi wa mikono, na soko lake linapita hapa Namanga Road kila dakika likiwa na spika kubwa.

Wakati tunasubiri kaunti, kazi ya wikendi hii ni moja. Chagua sauti moja kwenye wimbo unaoupenda, funga folda ya preseti, na usiifungue hadi uipate kwa mkono wako. Ukikwama, hata jaribio lililokosea unaweza kulihifadhi. Huenda ndilo litakalokuwa sauti yako.